Tupeane uzoefu: mtoto akijigaragaza chini, wewe unafanyaje?

Wakuu, habari zenu. Wangu ana miaka miwili na miezi minne. Jana asubuhi kajitupa sakafuni kisa nimeanza kumvalisha kiatu cha kulia. Nikakivua, nikaanza na cha kushoto, ndio kwanza akazidisha kilio. Kumbe alitaka kuvaa mwenyewe! Mimi nimelelewa kwa fimbo na sitaki kumlea hivyo, ila jana mkono uliniwasha. Mliopitia haya, semeni mlichofanya, sio mlichosoma.

Mama Watatu: Pole mdogo wangu, umri wenyewe ndio huo. Wangu wote walianza visa wakiwa na mwaka na nusu hivi, wakapoa walipokaribia minne. Wa kwanza nilimchapa. Alinyamaza, nikajua somo limeingia. Siku moja namkuta anampiga mdoli wake, "Nyamaza! Nimesema nyamaza!" Sauti yangu kabisa, hata kidole kakinyoosha ninavyonyoosha mimi. Nilirudi chumbani nikakaa tu kitandani.

Hawa wawili waliofuata nachuchumaa mpaka macho yetu yalingane, namwambia, "Umekasirika, ulitaka kuvaa mwenyewe." Basi, naishia hapo. Mawaidha nayaweka mpaka kilio kiishe, maana katikati ya kilio hayasikii.

Baba Kijacho: Kwangu ilikuwa kung'ata. Mwaka na miezi minane, kila akicheza na wenzake lazima mmoja aondoke na alama. Nikakaa kumchunguza: anang'ata akinyang'anywa kitu tu. Maneno hana, meno anayo. Tukamfundisha "changu" na "bado", tukawa tunaigiza mimi nikiwa mnyang'anyi. Ilichukua wiki kadhaa, na mara mbili aling'atwa mnyang'anyi.

Mzee wa Zamani: Huko ni kudekeza. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu.

Mama Watatu: Shikamoo mzee. Kudekeza ni kumpa anachokililia. Wangu akililia simu namkumbatia, lakini simu simpi. Uswidi wamepiga marufuku kuchapa watoto tangu 1979, na huko nako watoto wanakuwa watu.

Mzee wa Zamani: Marahaba. Hilo la simu tuko pamoja.

Mwalimu wa Awali: Kwenye simu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Ila kuizima ndio vita. "Bado dakika tano" kwake ni maneno matupu, hajui dakika ni nini. Mimi nasema, "Wimbo huu ukiisha, unazima wewe." Kubonyeza mwenyewe kunampoza kuliko unavyodhani.

Halafu wazazi tuache kuuliza swali ambalo jibu lake hatulitaki. "Twende tukaoge?" Anasema hapana, tunamfokea, wakati kajibu alichoulizwa. Muulize, "Unaenda kuoga kwa kutembea au kwa kuruka kama chura?" Kuoga ataoga, cha kuchagua ni mwendo tu.

Mwanzisha mada: Nashukuruni sana. Leo nimeweka viatu vyote viwili mbele yake, nikakaa pembeni kimya. Dakika kumi na moja! Kavaa cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, tukatoka hivyo hivyo. Kazini nimechelewa.