Nani atangulie kupigwa mamogramu?

Muuguzi Langoni, Lamu
Asalaam aleikum. Tunaandika orodha ya akina mama wa kwenda Mombasa kupigwa mamogramu, yaani eksirei ya kutafuta saratani ya titi. Kigezo chetu ni umri tu: akitimiza 40, anaandikwa. Lakini boti, basi na malazi ni gharama, na nafasi ni chache. Tukipanga kwa hatari ya kila mmoja, kikokotoo cha Gail, kile cha kukadiria hatari ya mtu kupata saratani ya titi, kinatosha?

Radiografa Malindi
Waaleikum salaam dada. Peke yake, hakitoshi. Gail huuliza mama, dada na binti tu. Ukoo wa baba hakiugusi, na jeni ya BRCA1 au BRCA2 yenye hitilafu, ambayo huongeza sana hatari ya saratani ya titi na ovari, hurithiwa kwa baba sawa na kwa mama, kila mtoto nusu kwa nusu.

Chora ukoo kwanza, vizazi vitatu, pande zote mbili. Usiulize "kwenu kuna saratani?" Utaambiwa hakuna. Uliza: shangazi alikufa kwa maradhi gani? Kuna aliyekatwa titi? Aliyekuwa na kidonda cha titi kisichopona? Aliyejaa maji tumboni? Huenda ikawa saratani ya ovari. Andika umri waliougulia, si wa kufariki. Aliyeugua kabla ya 50, au matiti yote mawili, au mwanamume mwenye saratani ya titi: jamaa zao wa karibu watangulie. Kwa kawaida binti huanza miaka 10 kabla ya umri aliougulia mamake, ila mamogramu isiwe kabla ya 30.

Daktari wa Kilifi
Sawa kabisa. Gail pia haifai kwa aliye chini ya 35, wala kwa mwenye hitilafu hiyo ya jeni. Mwenye hitilafu huanza MRI, picha ya sumaku, akiwa na 25. Na hatari ndogo si ruhusa ya kumfuta mtu: mpe zamu ya kila miaka 2.

Ila tafadhali sana: mwenye uvimbe, chuchu inayotoa damu au iliyozama ghafla, huyo si wa orodha hii. Hapigiwi hesabu wala hasubiri zamu, hata awe na 28. Ni altrasaundi na kutolewa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe, upesi.

Muuguzi Langoni, Lamu
Ahsanteni. Maandalizi ya safari je?

Radiografa Malindi
Wiki moja baada ya hedhi, maumivu huwa madogo. Wasipake poda wala diodoranti kwapani. Chembe zake huonekana kama chokaa ya ndani ya titi, na mtu huitwa tena bila sababu. Wabebe picha za zamani. Ripoti ikisema titi ni zito, yaani tishu zake zimesongamana sana (daraja D), omba altrasaundi ya ziada, maana tishu ni nyeupe na uvimbe nao ni mweupe.