Mrejesho: fundi niliyetoka jeshini

Wakuu, niliwauliza kama fundi wa malori ya jeshi anaweza kupata kazi uraiani bila cheti cha kiraia. Anaweza, ila karatasi hutangulia. Nilifuata ushauri wenu, nikafanya mtihani wa ufundi wa serikali chini ya NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya), ule unaoanzia gredi ya 3 kupanda hadi ya 1. Sasa niko gereji ya matrela Changamwe, Mombasa.

Dizeli na breki za upepo hazinisumbui. Umeme ndio unanitoa jasho: lori jipya hulishiki kabla ya kulichomeka kompyuta. Na bei! Jeshini spea unajaza fomu. Huku mteja anataka hesabu hata spana hujashika.

Yule mdogo wangu wa kambi ya wanamaji ya Mtongwe anayekaribia kustaafu: fanya mtihani kabla hujavua magwanda.