Ndege wanaotuaga Machi na Aprili mwambao wa Ziwa Nyasa: tupeane uzoefu

Mtoto wa Kyela
Leo alfajiri nimepita Matema. Waya wa umeme umejaa mbayuwayu mpaka umelegea. Kila mwaka mvua za Machi zikikolea hujikusanya hivi, halafu siku moja unaamka, waya mtupu. Huwa naumia kama nimemsindikiza mtu stendi. Nani mwingine huwaona, au huwasikia?

Mama Wawili, Tukuyu
Waya mtupu. Umenigusa kabisa.

Shamba la Viazi
Mbayuwayu hawaendi popote. Kwangu Uporoto wapo mwaka mzima, wamejenga kwa tope chini ya paa.

Mwalimu, Iringa
Kamwene. Hao wako ni wa hapahapa, mkuu. Wanaohama hawajengi huku. Watazame: koo rangi ya tofali, mkanda wa buluu iliyokolea kifuani, mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Uzito wake gramu 20 hivi, na anavuka Sahara kwenda kutaga Ulaya.

Shamba la Viazi
Wewe umesoma, Mwalimu. Mimi naishi nao.

Wa Karabai
Nilikuwa napita tu, lakini neno “huwasikia” limenirudisha mbali. Aprili 2011, mimi na mjomba tulikuwa ziwani tunavua usipa, karabai mbili zinawaka. Usiku wa manane wingu likashuka, Milima ya Livingstone ikapotea, mvua ikaanza. Ndipo nikasikia juu yetu miluzi myembamba, “huu-it, huu-it”, pande zote, na giza limefunga hata huoni kasia lako. Mara kitu kikanipiga shavuni. Kindege. Kikaja cha pili, cha kumi. Walikuwa wanaizunguka taa, wanagonga kioo, wanaanguka mtumbwini na wengine majini. Mjomba akasema zima. Nikamkatalia, maana wenzetu wangetupoteza. Tukagombana kwa sauti, nami nilikuwa sijawahi kumpandishia sauti mjomba. Wakati tunabishana waliendelea kuanguka. Akazizima mwenyewe. Tukakaa gizani tunakumba maji, na miluzi ikasogea, ikasogea, ikaisha. Niliokuwa nao ndani ya shati niliwafikisha ufukweni, nikawaweka kwenye mwembe. Mmoja alifia kiganjani kabla hatujafika. Hakuwa na uzito wowote. Kulipokucha tuliona wengine wakielea. Baadaye mgeni mwenye kitabu cha ndege alinionyesha picha yake: kijani cha vumbi, kifua cha manjano hafifu, gramu 10 hivi, huzaliana kaskazini mwa Ulaya hadi Siberia. Husafiri usiku kwa kufuata nyota. Wingu likifunga, taa huwapoteza. Ningezima nilipoambiwa.

Mama Wawili, Tukuyu
Pole kaka. Mjomba yu hai?

Wa Karabai
Yupo Ipinda, ndaga fijo, asante sana. Wingu likishuka mpaka leo huzima kwanza, ndipo husema.

Mvuvi Mwaya
Sasa tukizima karabai watoto wale nini?

Mwalimu, Iringa
Hakuna aliyesema kila usiku. Usiku wa ukungu na mvua tu.

Mvuvi Mwaya
Usiku wa mvua ndio wa kuonana taa, Mwalimu. Mtumbwi ukigongwa, ndege atakuja kuniokoa?

Binti Rungwe
Nilisoma Denmark. Mwezi wa tano wenyeji walinipeleka Skagen, ncha ya kaskazini kabisa, watu wamesimama ufukweni na darubini kuwapokea ndege. Mbayuwayu mmoja akapita chini karibu na miguu yangu. Nililia. Kule wanapokea, huku tunaaga.

Kijana wa Matete
Tulipokuwa wadogo tuliwanasa kwa ulimbo kwenye matete jioni, wakija kulala. Leo nikimwona mtoto na ulimbo namnyang'anya.

Shamba la Viazi
Nimetoka kuwatazama wangu. Kifua kina mistari myeusi. Haya, Mwalimu, hilo nakubali. Lakini msisahau wanaokuja kwetu kuzaa. Kitulo kuna mbayuwayu wa buluu mtupu, hufika karibu na Septemba, hutaga kwenye mashimo ya ardhini, Aprili huenda upande wa Uganda na Kenya. Majani yakilimwa viazi au kupandwa miti ya misindano hana pa kuzaa. Nasema hivyo na mimi ni mkulima.

Mtoto wa Kyela
Anayetaka kuwaona aje saa kumi na mbili asubuhi.

Kijana wa Matete
Asubuhi wameshatawanyika. Njoo saa kumi na mbili jioni, kaa karibu na matete, ujifunike kitenge. Mbu wa huku hawana dini.

Mwalimu, Iringa
Njooni saa nne, jua likipasha. Funga macho usikilize juu: keremkerem wa Ulaya utawasikia “pruup, pruup” kabla hujawaona.

Mama Wawili, Tukuyu
Jumamosi nina nafasi mbili kwenye gari, natoka saa kumi usiku. Wa Karabai, nimpitie mjomba Ipinda?