Mrejesho: maumivu ya bega kwa mpimaji wa ultrasaundi

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kama maumivu ya bega la kulia, yaliyokuwa yakinisumbua kila nimalizapo zamu ya kupima wajawazito, yangenilazimu kuiacha kazi ya ultrasaundi. Nilifuata ushauri wenu: sasa ninarekebisha urefu wa kitanda, ninamwomba mama asogee karibu nami, na ninahakikisha kwamba mkono unaoshika probu (kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo ili kupata picha) hauachani na ubavu kwa zaidi ya nyuzi 30, huku kiwiko kikiegemea taulo lililokunjwa. Maumivu yamepungua sana, ingawa wagonjwa wenye miili mikubwa, ambao huhitaji kukandamizwa zaidi ili picha ionekane vizuri, bado hunichosha. Msimamizi wetu naye amekubali tupokezane, asiwepo anayepima mfululizo kutwa nzima.