SSH: nibaki poti 22 au nihame?

kamba_ndefu: Wadau, seva yangu naiingia kwa mbali kupitia SSH, ambayo kwa kawaida husikiliza poti 22 (poti ni mlango wa mtandao wenye namba). Inaingia kazini wiki ijayo na logi (kumbukumbu zake) tayari zimejaa boti, yaani programu za kiotomatiki, zinazobahatisha nywila ya root (akaunti kuu). Nihamie 2222, 443 au 48222? Au nibaki 22?

mlinzi_lango: Hujasema mfumo gani, toleo lipi, wala kama unaingia kwa nywila au funguo (faili za siri badala ya nywila). Mtoa huduma ana fayawoli (kichujio cha mtandao) yake mbele?

bi_amri: Kama ni nywila, habari ya poti isubiri. Weka `PasswordAuthentication no` kuzima kuingia kwa nywila, kisha hakiki kwa `sshd -T | grep -i passwordauth`. Faili ndani ya `/etc/ssh/sshd_config.d/` huweza kukupiku, kwa sababu sshd (programu ya SSH upande wa seva) hushika thamani ya kwanza inayoikuta.

jogoo22: Kuhama ni kujidanganya. Chombo cha kukagua poti, `nmap -p-`, hupitia poti zote 65535, na SSH hujitaja yenyewe ukiigusa tu.

mlinzi_lango: Nani kasema ni kinga? Faida ni logi kupungua kelele. 2222 boti zinaijua. 48222 iache: Linux hugawa 32768 hadi 60999 kwa miunganisho inayotoka, kwa hiyo sshd ikianza upya inaweza kukuta imeshikwa. Mimi ningechukua namba chini ya 1024 isiyotumika, huko kwa kawaida root pekee ndiye anayeruhusiwa kusikiliza.

kamba_ndefu: Ubuntu 24.04, funguo tupu. Nimeandika `Port 822`, nikaanzisha upya ssh, bado inasikiliza 22!

bi_amri: Hapo ndipo wengi hujifungia nje. Ubuntu ya sasa poti inashikwa na `ssh.socket` (sehemu ya systemd, msimamizi wa huduma, inayosikiliza kwa niaba ya SSH), si huduma yenyewe. Mtu anabadili faili, anaona hakuna kosa, anafunga 22 kwenye fayawoli, anatoka. 822 haipo, 22 imezibwa, imebaki konsoli ya mtoa huduma. Fuata mpangilio huu: fungua 822 kwenye ufw (fayawoli ya Ubuntu) na kwa mtoa huduma, `sshd -t` kuhakiki faili, `systemctl daemon-reload`, `systemctl restart ssh.socket`, kisha `ss -tln` uone poti zinazosikilizwa. Dirisha la zamani liache wazi, jaribu kwa dirisha jipya, ndipo ufunge 22. Fail2ban (inayozuia anwani zinazokosea kuingia mara nyingi) nayo iambie poti mpya, la sivyo itazuia mlango usiotumika.

seli_nux: Kwa Rocky au Alma (Linux zenye ulinzi wa SELinux) ongeza `semanage port -a -t ssh_port_t -p tcp 822`, vinginevyo sshd inakataa kuwaka.

pwani_dev: 443 hupenya mitandao ya wageni iliyobana.

jogoo22: Mpaka uhitaji tovuti hapo hapo, uanze kuhangaika na sslh, programu ya kugawana poti moja kati ya SSH na tovuti. Na fayawoli inayochungulia ndani inajua hiyo si TLS (usimbaji wa tovuti za https).

pwani_dev: Halafu kutaja poti, ssh ni `-p`, scp (ya kunakili faili) ni `-P`. Nani aliamua hivi?

bi_amri: `-p` ya scp hutunza tarehe na ruhusa za faili, kama kwenye cp. Andika `Port 822` ndani ya `~/.ssh/config` usahau yote mawili.

jogoo22: Au weka WireGuard (VPN, njia ya siri ya mtandao), SSH isionekane nje kabisa. Haijibu pakiti isiyo na ufunguo sahihi.

mlinzi_lango: Na WireGuard ikianguka unaingilia wapi?