Mchoraji aliyegeukia usanifu wa tovuti: uadilifu uanzie wapi?

Swali
Ndugu zangu, baada ya miaka mingi ya uchoraji, sasa nasanifu tovuti za mashirika yasiyo ya faida na za wasanii wenzangu. Linalonisumbua ni namna ya kumhudumia mteja mwenye fungu dogo bila kumfunga kwangu, wala mimi kujinyima riziki. Mnafanyaje?

Jibu la 1
Anza na umiliki. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, lisajiliwe kwa jina la mteja, na nywila akabidhiwe mapema. Niliwahi kupokea shirika ambalo msanifu wake wa awali alitoweka huku kikoa kikiwa mali yake. Vipeperushi vyote walivyokwisha kuchapa vikiwa na anwani hiyo vikawa havina kazi, na iliniuma kuviona vimerundikwa kabatini. WordPress, ambayo ni programu huria ya kujengea tovuti tangu 2003, yaani yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha, itamwezesha mtu mwingine kuendeleza kazi yako.

Jibu la 2
Jicho la mchoraji nalo hupotosha. Kijivu chenye msimbo wa rangi #999999 juu ya nyeupe hupendeza, lakini uwiano wa mwangaza kati ya rangi hizo mbili haufiki hata 3:1, ilhali WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, katika ngazi yake ya kati ya AA, unadai angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida. Kila picha yenye maana iandikiwe maelezo, kwa kuwa asiyeona husomewa hayo kwa sauti na programu ya kisoma-skrini.

Muulizaji
Nashukuru sana. Na malipo je?

Jibu la 1
Yaandikeni kabla ya kazi, usanifu mbali na matunzo mbali. Ukipunguza, ankara ionyeshe bei kamili kwanza, ndipo punguzo lifuate.