Naomba ushauri: kiwango cha akili cha makomando kwenye hadithi ya anga za juu

Wakuu, naomba ushauri kwa wanaoandika hadithi za kubuni za kisayansi. Kikosi kinataka makomando 500 kutoka koloni la watu milioni moja. Rasimu yangu inadai IQ (alama ya kipimo cha akili) ya 150 kwenda juu, kama ilivyo kwenye riwaya ya The Forever War ya Joe Haldeman (1974). Hesabu inagoma: wastani ukiwa 100 na mkengeuko sanifu (jinsi alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) 15, anayefika 150 ni kama mmoja kati ya 2,300. Yaani watu 430 hivi koloni zima, vichanga na vikongwe humo humo! Tena huko juu kipimo chenyewe hakiaminiki sana. Maswali magumu ni machache, ukikosa moja tu alama zinaporomoka.

Nikishusha hadi 120 napata asilimia 9. Halafu mchujo wa pili: saa 36 bila usingizi, ramani yenye kosa moja la makusudi, dakika 10 za kuamua. Anayeliona kosa akanyamaza, anaenda nyumbani.

Mtihani wa karatasi utangulie, au uchovu kwanza? Na asiyejua lugha ya mtihani apimweje? Jeshi la Marekani, vita vya kwanza vya dunia, lilitumia Beta, mtihani wa picha, kwa wasiojua kusoma au Kiingereza. Kwa wageni wa sayari nyingine picha zitatosha?